Jeneza la Kijani Kutoka River Road Mpaka Mutuini

Tangu Jumatatu ile, kila ninayekutana naye Kangemi ananisimamisha. "Barasa, ni kweli mlizika Kifaru?" "Barasa, ni kweli mliangusha marehemu barabarani?" Mama Shiku anayeniuzia chai ameniangalia viganja akauliza kama huo ukijani unaambukiza. Huyu nikimpa mwanzo, yule nikimpa mwisho, wakikutana wanashona uongo wao wenyewe halafu wananiletea mimi niuthibitishe. Nimechoka bana. Nimeandika yote hapa, someni, mniache ninywe chai yangu ikiwa moto.

Kwa yule asiyejua mpira, na Mungu amhurumie, mambo yako hivi. Sisi ni tawi la Kangemi la timu ya Mwewe, watu wa manjano. Adui yetu ni Kifaru, watu wa kijani. Siku ya dabi kila upande unakuja uwanjani na jeneza lenye rangi ya mwenzake. Mkishinda, mnalibeba juu juu, mnazunguka nalo mkilia machozi ya uongo, mnaingia nalo mjini, na mji mzima unajua nani amekufa. Mkifungwa mnalirudisha nyumbani kimya, na sijaona aibu kubwa kuliko kushuka kwenye basi la mashabiki na jeneza ambalo halikufanya kazi. Sisi tumelirudisha letu miaka mingi sana. Lile jeneza limeoza. Panya wamezaa humo ndani wakalea.

Jumapili hiyo tukashinda. Mbili moja! Bao la pili lilikuja wakati refa ameshaanza kuangalia saa, kona, kichwa, mpira ukagonga mwamba ukafikiria kidogo, ukaingia. Nililia kama mtoto na sijutii.

Na jeneza la safari hii lilikuwa jipya kabisa. Kijani kinachong'aa, vishikio vya shaba, ndani kitambaa cheupe. Mwenyekiti wetu, Andati, alilichukua alfajiri ya mechi kwenye karakana ya Fundi Osundwa, mwanachama wetu ambaye kazi yake ni kutengeneza majeneza. Alilikuta limesimama mlangoni, kijani juu mpaka chini, akasema, "Aki huyu fundi ni mtu, ametushtukizia." Akaacha kifuniko, maana jeneza la dabi halifunikwi, akabeba sanduku. Baada ya mechi akachukua rangi ya manjano na brashi akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: KIFARU LALA UNONO 2–1. Mimi ndiye niliyemshikia mkebe.

Mjini: tupu haibebwi

Simu ya Andati ililia tukiwa kwenye chai na mandazi, River Road, katika hoteli ya shabiki mwenzetu ambako tulikuwa tumelala vitini kwa furaha. Tulikuwa wanne: mimi, Andati, na wale mapacha wa Kangemi ambao hawaongei, wanakula tu. Simu haikuwa kwenye spika lakini Osundwa alisikika mpaka jikoni.

"Wewe Andati! Jeneza la mteja liko wapi?"

"Mteja gani, fundi? Si lile ulitutengenezea?"

"Nani amekutengenezea? La dabi ni lile lenu bovu, liko nyuma chini ya turubai! Hilo mmebeba ni la mzee wa Mutuini!"

Nikaweka andazi chini. Mzee wa Mutuini, Osundwa akaeleza huku akitutukana kwa utaratibu, alikuwa mshabiki wa Kifaru tangu ujana wake, na familia ndiyo iliyoagiza jeneza la kijani. Mwili ulikuwa mochari ya huko Dagoretti. Siku hiyo hiyo, Jumatatu, saa sita watu wa nyumbani wangekuja kumchukua, mchana azikwe shambani kwake. Pikapu ya Osundwa ilikuwa imelala gereji, na yeye alikuwa amekaa na kifuniko peke yake.

"Kaburi lishachimbwa," akasema, na sasa hakuwa anapiga kelele, ndipo nikaanza kuogopa. "Unajua mwenyewe kaburi likichimbwa haliachwi lilale wazi. Na yule mama alikuja hapa mwenyewe, akagusa rangi kwa kidole, akaniambia, 'Fundi, iwe kijani kabisa, mzee aende akiwa ametulia.' Sasa nimwambie nini? Nimwambie jeneza la mume wake limebebwa na watu wa dabi?"

Andati ni mtu wa kukohoa kabla ya kusema jambo kubwa. Akakohoa. "Tutalileta," akasema. "Tawi la Kangemi halijawahi kushindwa." Huo ulikuwa uongo, lakini haikuwa saa ya kubishana.

Tukalifunika kwa kitambaa cha meza, tukazungusha bendera yetu ubavuni kuficha ule upuzi wa Andati, tukaenda stejini kutafuta matatu. Makanga wa kwanza akaangalia, akainua kona ya kitambaa, akaruka nyuma.

"Hii ni tupu!"

"Ndiyo ni tupu," nikamwambia, "kwa hivyo ni nyepesi. Weka juu kwa keria."

"Buda, yenye mtu nabeba. Matanga ni ya kila mtu. Lakini tupu? Tupu inatafuta mtu. Siezi tembea na kitu inatafuta mtu."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu hata hakusema, alifunga mlango. Nilitukana hapo, na mama mmoja mwenye kikapu akaniambia pole, akidhani ni uchungu wa kufiwa.

Aliyetuokoa ni Muthoka, mwenye mkokoteni, Mkamba mmoja mwembamba mwenye mikono ya chuma, ambaye katika mji huu wote nafikiri ndiye mtu pekee asiyejua mpira ni nini. Hakuuliza kama ni tupu. Alivua kofia, akasaidia kulipandisha, akalifunga kamba kwa heshima. Tukaanza kusukuma. Tulipopita mtaa wa pili akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana. Alikuwa anaugua nini?"

Andati, ambaye bado alikuwa na ushindi kichwani, akajibu kabla yangu. "Mbili moja."

Muthoka akatikisa kichwa. "Hiyo ni mbaya. Ilianza lini?"

"Mwishoni kabisa, dakika za nyongeza."

"Ndiyo hivyo," Muthoka akasema. "Shemeji yangu pia hatukujua mpaka mwisho."

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Lakini ukiona mtu anasukuma mkokoteni kupanda mlima huku akikuombolezea, utamwambia nini?

Muthangari: marehemu aliyepotea

Tulipofika Westlands askari wa jiji akatuzuia. Mkokoteni hauruhusiwi barabara kuu, akasema, hata kama umebeba nani. Kisha akaona umbo lile chini ya kitambaa, akavua kofia naye, akatuonyesha tupite ndani kwa ndani, Muthangari, tutokee juu. Mimi nilishukuru. Laiti ningejua.

Muthangari ni kimya. Miti, mageti, mbwa wanaobweka kwa adabu. Mkokoteni wa Muthoka una gurudumu moja linalolia, na kwenye ule ukimya lilisikika kama mtu anayeomboleza. Mlinzi mmoja akafungua geti aone, akasimama wima akapiga saluti. Kisha gari kubwa jeupe lililokuwa nyuma yetu, ambalo nilidhani litatupigia honi, likawasha taa za dharura likaanza kutufuata polepole. Dirisha likashuka. Alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, macho yameshalowa.

"Jamani, mnampeleka kwa mkokoteni?"

"Ni hali, mama," Andati akajibu.

"Haki Nairobi imekuwa na roho gani!" Akafungua mkoba, akatoa utepe mwekundu, na mpaka leo sijui mtu anatembea na utepe mwekundu kwa sababu gani, akaufunga kwenye kioo cha gari lake. Kwetu Kenya ukiona utepe mwekundu na taa zinawaka, ni msafara wa mazishi, na msafara wa mazishi haupitwi. Gari la nyuma yake nalo likawasha taa. La tatu. Bodaboda wawili wakaja mbele kutufungulia njia, bila kuitwa. Kabla hatujafika kona tulikuwa na msafara ambao hata mheshimiwa angeuonea wivu.

Na mheshimiwa akaja. Kwani angekosa? Sijui alipigiwa simu na nani. Alikuwa ni mmoja anayetafuta kiti uchaguzi ujao, kofia pana, vijana wawili wa kumbebea spika. Gari lake likatukatiza njia, yeye akashuka akiwa ameshaanza kuhuzunika.

"Ndugu zangu," akasema kwenye spika, na watu wakaanza kutoka mageti. "Marehemu nilimjua. Mara ya mwisho tulipokutana aliniambia, 'Mheshimiwa, hii barabara.' Na mimi nasema leo mbele ya mwili wake, hii barabara!"

Hakumalizia hiyo barabara itafanywa nini, lakini alipigiwa makofi. Mimi nikamvuta Andati shati. "Sema ukweli twende. Saa zinaenda, yule mzee anangoja."

Basi Andati akakohoa. Mnajua Andati akipewa spika anakuwaje. Badala ya kusema ukweli akashukuru kwa niaba ya familia. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kupambana mpaka dakika ya mwisho. Akasema ulinzi wake ulikuwa mzuri isipokuwa upande wa kushoto. Mama wa gari jeupe alilia kwa sauti. Muthoka aliinamisha kichwa akasema amina. Mapacha walikuwa wamepewa ndizi na mtu, wanakula.

Kisha mheshimiwa akasema angependa kutoa heshima zake za mwisho, na kabla sijamfikia akashika kona ya kitambaa akakivuta.

Hata mbwa walinyamaza. Watu wote wakaangalia ule weupe wa ndani, hakuna mtu, hakuna kitu, ni kipande kimoja cha andazi kilichokuwa kimedondoka humo River Road.

"Mwili uko wapi?" mheshimiwa akauliza, na alisahau spika iko mdomoni, kwa hivyo swali likafika mpaka Lavington.

Mimi nikasema, "Hakuna mwili, mheshimiwa, sisi ni watu wa..."

"Wameuangusha!" mama wa gari jeupe akapiga kelele. "Ngai! Wameuangusha njiani!"

Mngeona. Mtu mmoja alikuwa tayari anachukua video, anaeleza kabisa, "Hapa Muthangari marehemu amepotea." Mwingine akasema aliona kitu kimelala kwenye mtaro kule chini, akadhani ni gunia. Mheshimiwa akapata kazi ya kufanya, na mtu kama huyo akipata kazi ya kufanya mbele ya watu huwezi kumzuia. Akagawa watu. Hawa mtaro wa kulia, hawa wa kushoto, bodaboda washuke mpaka Westlands wakiuliza. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka: "Hakukuwa na mtu! Hakukuwa na mtu tangu mwanzo!" Mzee mmoja akanishika bega akasema, "Ni mshtuko, kijana. Kaa chini unywe maji."

Kwa muda mfupi barabara yote ikawa imeshuka mlima, watu wanainua majani na kuita. Kuita! Sijui walitaka marehemu aitike nini. Tukabaki sisi na mkokoteni.

Muthoka akaangalia ndani ya jeneza, akaangalia kule walikokwenda, akaniangalia. "Tuwafuate?"

"Sukuma," nikamwambia.

Akasukuma.

Kangemi: Osundwa na rangi

Osundwa alikuwa amesimama nje ya karakana, kifuniko kimeegemea ukutani karibu naye, patasi mkononi. Aliponiona aliishusha, labda kwa sababu ya wateja. Alimpiga Andati kofi moja la mgongo ambalo naamini lilikuwa la kweli. Kisha akaondoa bendera, akaona maandishi.

Alisoma yote polepole. KIFARU. LALA. UNONO.

"Nani ameandika?"

Andati akaangalia juu. Mimi nikaangalia juu. Mapacha wakanionyesha mimi, watoto wa haramu, kwa sababu tu nilishika mkebe.

Akachukua kitambaa na thina ya kutolea rangi, akasugua. Manjano yakatoka, lakini kijani nacho kikatoka pamoja nayo, na mahali pa herufi pakabaki mapengo yenye umbo la herufi, kwa hivyo sasa ilisomeka vizuri zaidi. Akatukana kwa Kiluhya, akafungua mkebe wa rangi ya kijani, akaanza kupaka ubavu wote upya. Akatupa sisi brashi. Mama Shiku akatuletea chai na mihogo ya kuchemsha, tukala kwa mkono mmoja tukipaka kwa mwingine.

"Haitakauka," nikasema.

"Haitakauka," Osundwa akakubali, hakunyanyua kichwa. "Mtalishika hivyo hivyo."

Tukaendelea kupaka. Halafu Osundwa, bila kuniangalia, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyenuniwa na dunia: "Hilo bao la pili. Lilitoka kona ya upande gani?"

Kumbe hakuwa ameona mechi! Jumapili nzima alikuwa kwa wakwe zake, alikokatazwa hata redio. Nikamwambia. Nikasimama nikamwonyesha kwa mwili, kona, kichwa, mwamba. Andati akawa kipa wa Kifaru, akaanguka kwenye vumbi la mbao. Osundwa akaachia brashi, akakaa kwenye jiwe, akaziba uso kwa mikono yenye rangi. "Miaka yote hiyo," akasema, "na mimi nilikuwa napewa ugali na shangazi ya mke." Alipoondoa mikono alikuwa na vidole vya kijani kwenye mashavu yote mawili. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Muthoka alikataa malipo. Nilimshikilia, akakataa kabisa, akasema mtu aliyekwenda na mbili moja hafai kubebwa kwa biashara. Akageuza mkokoteni, akashuka zake mjini, na mimi nikawapa mapacha mihogo yangu iliyobaki.

Dagoretti: mikono iliyokwisha kuchafuka

Kutoka Kangemi tulipata lori la kabeji, lililokuwa limeshusha sokoni likirudi tupu. Dereva hakuwa na imani za makanga. Alisema kabeji zake nyingi zimeoza humo na hazikumfanya kitu. Tukakaa nyuma sisi wanne, tumelishika jeneza na kifuniko chake lisigonge, tukapita Kawangware watu wakitupungia mikono kana kwamba tunaenda harusini. Andati akaanza hesabu zake: dabi imeisha, mechi zimebaki mbili, tukishinda zote tunamaliza nafasi ya nne, labda ya tano, tukifungwa tunarudi palepale tulipozoea. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nafikiria lile kaburi.

Kwenye geti la mochari watu wa nyumbani walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha gari, na hapo ndipo tulipojikumbuka. Sisi bado tulikuwa na jezi za Mwewe. Za tangu jana, manjano tupu. Tukazigeuza ndani nje haraka haraka nyuma ya lori. Jezi ya manjano ukiigeuza, inakuwa ya manjano yenye nyuzi.

Nusu ya wale wanaume walikuwa na skafu za Kifaru shingoni. Kifungua mimba wa marehemu, Kariuki, mtu wa mwili mkubwa na macho mekundu ya kutolala, alituangalia kuanzia miguuni.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Watu wa fundi," nikasema.

"Fundi ametuma watu wa Mwewe walete jeneza la baba yangu?"

Nikasema, "Pole sana, kaka." Na nilimaanisha.

Mmoja wa skafu akasogea kushika kishikio, akaachia haraka, kiganja chote kijani. Akajipangusa kwenye suruali nyeusi ya mazishi, suruali nayo ikaharibika. Wote wakarudi nyuma na suti zao. Kariuki akaangalia mikono yetu, iliyokuwa kijani mpaka kwenye viwiko.

"Basi mtabeba nyinyi," akasema. "Nyinyi mmeshachafuka."

Ndivyo ilivyokuwa, na msiniulize tena. Hatukulazimishwa na hatukujipendekeza. Rangi ilikuwa mbichi. Watu wanne wa Mwewe tukamtoa mzee wa Kifaru mochari, tukampandisha garini, na msafara wenye utepe mwekundu, wa kweli sasa, ukaelekea Mutuini.

Mutuini: swali la shosho

Shamba lilikuwa dogo, safi, migomba upande mmoja, ng'ombe wawili upande mwingine, na nyuma ya ua nyumba mpya za kupangisha, wapangaji wamejaa kwenye roshani wakiangalia. Mahema mawili. Mukimo, wali na nyama vinanukia kutoka nyuma ya jiko, mapacha wameshageuza pua huko. Kaburi lilikuwa wazi na jua lilikuwa bado juu. Tulikuwa tumefika.

Mjane alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaburi, mama mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani. Wote walimwita shosho, yaani nyanya, jina lake Wambui. Tulipoliweka jeneza chini alinyoosha mkono akaligusa, kiganja kikatoka kijani, akakiangalia kwa muda mrefu. Hakukipangusa.

Mchungaji aliomba, hakurefusha. Tukamshusha mzee taratibu kwa kamba. Ilikuwa imeisha, na nilikuwa nimeanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye migomba, aliponiita.

"Wewe mrefu. Wewe mwenye jezi ya kugeuza."

Nikaenda. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nyinyi ni watu wa Mwewe."

"Ndiyo, shosho."

"Jana mlicheza na sisi." Akaonyesha wale wa skafu kwa kidevu. "Hawa tangu jana nikiwauliza matokeo, huyu anakohoa, yule anaenda kuangalia ng'ombe. Redio yangu imefichwa. Mzee alikuwa akiingojea hiyo mechi pale kitandani, hata dawa alikuwa anakunywa kwa ajili yake. Siwezi kumfunika kabla ya kumwambia. Sasa wewe niambie. Ilikuaje?"

Jamani. Fikirieni vizuri. Maisha yangu yote nimeota siku kama ile. Watu wa Kifaru wamejaa shamba zima, wamesimama mbele yangu, hawawezi kuondoka, hawawezi kujibu, na nimeulizwa rasmi. Mbili moja ilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa naionja. Upande mmoja Kariuki ameuma midomo, upande mwingine Andati anapumua kwa nguvu akingoja niseme. Nikaangalia kile kiganja chake cha kijani alichokiweka mapajani. Nikainua macho nikayapeleka kwenye migomba.

"Ilikuwa sare, shosho," nikasema.

Andati alinikanyaga. Nafikiri hakukusudia, ni mwili tu ulikataa.

Shosho aliniangalia. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza, nikatamani niingie mimi mle shimoni. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani, binti yake akakimbia kumshika.

"Ngai!" akasema. "Mmetufunga!"

Wale wa skafu wakaangalia viatu vyao.

"Miaka yote niliyoishi na huyu mzee, Kifaru hawajawahi kufungwa," akasema, anajifuta macho, anajipaka rangi mashavuni. "Hata mara moja. Alikuwa anarudi jioni, anavua viatu pale mlangoni, namuuliza, ananiambia, 'Sare, Wambui.' Anaangalia ukuta, vile wewe unaangalia hiyo migomba."

Akainama, akachukua udongo, akausogelea ukingo. Hakuwa anaongea na sisi tena. "Umesikia, mzee? Ilikuwa sare," akasema, akamwaga. Na hapo sasa akalia, kweli kweli, kwa sauti, na wale wanaume wa skafu wote wakalia, na Kariuki akaniegemea begani na uzito wake wote. Nililia kuliko nilivyolilia lile bao.

Tulikula. Hakuna aliyetufukuza, na mapacha waliongezwa mukimo na mtu wa Kifaru kwa mkono wake. Tulipokuwa tunaaga, shosho alinishika mkono, kijani kwa kijani.

"Bado mna mechi ngapi?"

"Mbili, shosho. Jumapili hii, halafu nyingine wiki inayofuata."

"Na nasikia nyinyi huwa mnafungwa."

"Huwa tunafungwa na kila mtu," nikakiri.

"Sasa sikiliza. Mkishamfunga mzee wangu, hamna ruhusa ya kufungwa na mwingine. Watu wasije wakasema alienda akiwa amefungwa na timu ya bure. Umenisikia?"

"Nimesikia, shosho."

"Jumatatu uje mwenyewe uniambie imekuwaje," akasema. "Na usiniangalie migomba."